Stesheni ya Leghar, Addis Ababa: Historia na Mpangilio wa Mahali Pamoja penye Reli Mbili

1.0 Utangulizi

Katikati ya jiji la Addis Ababa, stesheni ya treni ya mjini iitwayo Leghar imejengwa juu ya nguzo za zege, jirani na jengo kongwe la reli ya Jibuti. Jina lenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Kama Kiswahili kilivyolitohoa neno stesheni kutoka Kiingereza, Kiamhari kilitohoa la gare kutoka Kifaransa, kibainishi na nomino vikawa neno moja. Makala haya yanadai kwamba stesheni ya juu ilirithi jina na mahali pa ile ya chini, lakini haikurithi kazi yake kuu, yaani kuliunganisha jiji na bahari.

2.0 Stesheni ya Chini

Mwaka 1894 Mfalme Menelik II alitoa idhini ya ujenzi wa reli kwa mshauri wake Mswisi, Alfred Ilg, aliyeshirikiana na Mfaransa Léon Chefneux. Ujenzi ulianza Jibuti mwaka 1897 na kufika Dire Dawa mwaka 1902. Kampuni ya awali ilifilisika, na mwaka 1908 nyingine ikaundwa kuendeleza kazi. Treni ilifika Addis Ababa mwaka 1917, miaka minne baada ya kifo cha Menelik, ikiwa imekamilisha njia ya kilomita 784.

Jengo la stesheni lilifunguliwa mwaka 1929, mwishoni mwa barabara pana inayoteremka kutoka upande wa kaskazini wa jiji. Mbele yake ilisimamishwa sanamu ya Simba wa Yuda, kwa ajili ya kutawazwa kwa Haile Selassie mwaka 1930. Waitalia walipoivamia nchi waliipeleka sanamu hiyo Roma. Ilirejeshwa katika miaka ya 1960. Mvamizi alitambua alichokitambua mwenye nchi: hapo palikuwa lango la dola.

3.0 Stesheni ya Juu

Treni ya mjini ilianza kazi Septemba 2015, ikiwa imejengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa benki ya nchi hiyo. Ina njia mbili: moja huenda mashariki hadi magharibi, nyingine kaskazini hadi kusini. Njia hizo hutumia reli zilezile kwa takribani kilomita 2.7 zilizo juu ya daraja, zenye stesheni tano: Lideta, Tegbared, Mexico, Leghar na Stadium.

Mpangilio huu una faida mbili. Barabara za chini hubaki wazi, tofauti na sehemu ambako reli iliyo usawa wa ardhi huwalazimu watu kutafuta kivuko. Pia abiria wa Kality na wa Ayat hufika Leghar kupitia reli moja. Lakini hitilafu katika kipande hicho huzigusa njia zote mbili. Aidha, kila safari huanza kwa kupanda: kwa mzee, mchuuzi mwenye mzigo au mtu wa kiti cha magurudumu, lifti isipofanya kazi ni sawa na stesheni iliyofungwa.

4.0 Reli Zisizokutana

Reli ya Jibuti ya zamani ilikuwa na upana wa milimita 1,000. Ya mjini ina 1,435. Reli mpya ya Jibuti, iliyozinduliwa Oktoba 2016, nayo ina 1,435, lakini kituo chake cha abiria kiko Furi-Lebu, pembezoni mwa jiji. Hivyo vipimo vimelingana, safari hazikuungana. Msafiri atokaye pwani hashuki tena Leghar. Hulazimika kutafuta gari la kumfikisha katikati ya jiji.

5.0 Hitimisho

Stesheni hupimwa kwa safari zinazokutana ndani yake kuliko kwa kimo cha nguzo zake. Nairobi inatoa mfano wa karibu: kituo cha reli mpya ya mwaka 2017 kiko Syokimau, nje ya kitovu cha jiji, lakini treni ya reli ya zamani humfikisha abiria kwenye stesheni kongwe. Wapangaji wa miji katika ukanda wetu hawana budi kuitazama stesheni ya zamani kama kiungo cha usafiri kinachoweza kufufuliwa, badala ya kuihifadhi kama kumbukumbu tu chini ya kivuli cha daraja.