Baridi na Umbali: Historia ya Kuhifadhi Mbegu za Uhimilishaji Ikitazamwa kutoka Lagangabilili

Historia ya uhimilishaji husimuliwa mara nyingi kama safari iliyonyooka: mbegu mbichi, mbegu zilizopozwa, kisha mbegu zilizogandishwa. Katika masimulizi hayo, hatua ya kati huhesabiwa kuwa daraja tu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba hatua hiyo ndiyo inayoeleza ni nani alifikiwa na teknolojia hii na nani aliachwa.

Mbwa ndiye aliyetangulia. Mwaka 1780, Lazzaro Spallanzani wa Italia alimhimilisha mbwa jike, naye akazaa watoto watatu baada ya siku 62. Mwaka 1940, Phillips na Lardy wa Marekani walionesha kwamba kiini cha yai hulinda mbegu za ng'ombe zinapohifadhiwa katika baridi. Mwaka 1954, Harrop aliripoti mafanikio ya kuhimilisha mbwa kwa mbegu zilizopozwa. Hata hivyo, mbegu zinazohifadhiwa katika nyuzi joto 4 hadi 5 za Selsiasi hufaa kwa siku chache tu. Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Mbwa jike hungojewa takribani nusu mwaka. Kwa mfugaji wa mbwa, kifurushi kilichochelewa kilikuwa hasara kubwa.

Afrika Mashariki iliipokea mbinu hii kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Kituo cha Kabete, Kenya, kilianzishwa mwaka 1946, karibu na mashamba ya walowezi, reli na barabara. Usukumani hali ilikuwa tofauti. Lakini umbali peke yake hautoshi kuwa sababu: zebu walithaminiwa kama akiba na mahari, na madume waliishi ndani ya kundi.

Ugunduzi wa matumizi ya gliseroli mwaka 1949, na baadaye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, uligeuza siku kuwa miaka. Hata hivyo, naitrojeni huvukiza na mtungi lazima ujazwe tena. Kwa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyo mbali na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River, Arusha, umbali haukufutwa; ulihama kutoka kwenye mbegu kwenda kwenye mtungi.

Mbwa wa kijijini, mlinzi wa boma na mifugo, aliendelea kuzaa bila uhimilishaji. Baridi ya kitaalamu ilimfikia kwa njia nyingine. Baada ya ugonjwa wa distempa kuua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, chanjo za mbwa zilipewa uzito katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, zikibebwa katika masanduku ya barafu.

Kwa hiyo, historia ya baridi haipaswi kupimwa kwa ubora wa vimiminika pekee. Inapaswa pia kuuliza sanduku lilibeba nini, na kwa faida ya nani: kwa mfugaji wa mbwa wa ukoo lilibeba uzao, kwa mbwa wa Usukumani lilibeba kinga.