Farasi kijana wa mbio: namna gani wanajua kama atafika mbali?

Mwezi wa pili 2006, huko Florida, Marekani, farasi wa miaka miwili aliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 16. Jina lake The Green Monkey. Kisha kununuliwa, alikimbia mashindano matatu tu. Hakushinda hata moja, na feza yote aliyoingiza haikufika dola 11.000.

Bei ile ilitoka wapi? Mbele ya mnada, farasi walikimbizwa ili wanunuzi waone. The Green Monkey alimaliza mita 200 hivi kwa sekunde 9,8. Ni kasi kubwa. Lakini mbio zenyewe mara nyingi zinapita mita 1.000, na farasi anasongamana na wengine. Saa ile haikuonyesha hayo.

Basi, wenye kujua kazi wanaangalia nini?

Umri wa kweli. Katika nchi za kaskazini ya dunia, farasi wote wa mbio wanahesabiwa mwaka mpya tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa mwezi wa pili na aliyezaliwa mwezi wa tano wote wanaitwa wa miaka miwili. Yule mkubwa anaweza kushinda leo sababu tu amekomaa mbele. Mwenzake akikomaa, mambo yanaweza kugeuka.

Miguu na pumzi. Kwa umri huo mifupa ingali inakomaa. Munganga wa wanyama anapima magoti na namna farasi anavyopumua. Akikazwa sana mapema, anaweza kuumia na kazi yake ikaishia pale.

Baba na mama. Ni sawa vile mfugaji wa Masisi anavyouliza mama wa ndama anatoa maziwa ngapi. Ukoo unasaidia kukisia kama farasi ni wa mbio fupi ao ndefu. Lakini ni kukisia tu.

Namna alivyoshindwa. Tarehe 4 Julai 1972, Secretariat alikimbia mara ya kwanza huko New York, akawa wa ine. Anayesoma namba ile peke yake angemuacha. Lakini walioangalia waliona kwamba aligongwa mwanzoni, akabaki nyuma, kisha akawapita wengi. Mbio nane zilizofuata mwaka ule alifika wa kwanza zote, ijapokuwa moja alinyanganywa ushindi.

Hata hivyo mashaka yalibaki. Watoto wa baba yake, Bold Ruler, walijulikana kwa kasi ya mbio fupi, na wengi waliona mita 2.000 zitamshinda. Walisahau upande wa mama: babu yake Princequillo alijulikana kwa kuzaa farasi wenye pumzi ndefu. Tarehe 9 Juni 1973, kwenye mbio ya Belmont ya mita 2.400 hivi, Secretariat alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24. Wa pili alikuwa nyuma yake kwa urefu wa farasi 31. Saa ile bado haijavunjwa kwenye Belmont.

Inabaki ulizo moja: aliwashinda nani? Kama wale aliowaacha nyuma wanashinda kwingine kisha, ushindi wake ulikuwa na uzito. Kama wao pia wanashindwa kila mahali, mwenye feza afazali asubiri mbio ya pili na ya tatu mbele ya kufungua mfuko.