Nchi Jirani: Mafuta Yabakiyo Mwambani

Mwaka 2006 jirani zetu wa Uganda walithibitisha kuwa kando ya Ziwa Albert kuna mafuta ya kuchimbwa. Makadirio yao ni mapipa milioni 6,500. Lakini yanayotazamiwa kutolewa ni mapipa milioni 1,400 hivi. Kwa nini zaidi ya robo tatu yabaki chini?

Mafuta hayakai ardhini kama maji mtungini. Yamenasa katika vitundu vidogo mno vya mwamba. Nguvu ya asili iyasukumayo ikipungua, husaidiwa kwa maji yanayoshindiliwa kutoka juu, nayo maji huacha mengi nyuma.

Wamarekani waliyaona hayo zamani. Huko Scurry, Texas, mafuta yaligunduliwa mwaka 1948; maji yakaanza kushindiliwa mwaka 1954. Mwaka 1972 wakaanza kushindilia hewa ya ukaa, waliyoichukua katika viwanda vya kusafishia gesi na kuisafirisha kwa bomba la kilometa 350 hivi. Hewa hiyo ikibanwa sana huchanganyika na mafuta, huyavimbisha na kuyafanya mepesi, yakatiririka.

Hata hivyo, hewa hiyo ni nyepesi kuliko mafuta. Hupenya kwenye nyufa na njia rahisi, ikatokea kisima cha pili mapema. Askari anaelewa: kikosi cha mbele kikikimbia peke yake na kuacha ngome za adui nyuma, nchi haijatekwa.

Dawa yake ni povu. Maji yenye kitu cha jamii ya sabuni hushindiliwa pamoja na hewa hiyo; povu huziba njia rahisi, na hewa hulazimika kuingia kwenye mwamba ambao mafuta yake hayajaguswa. Wamarekani Bond na Holbrook walipata hataza ya kutumia povu mwaka 1958. Lakini sabuni ni ghali, mwamba huinyonya, na povu likikutana na mafuta mara nyingi huvunjika. Ndiyo sababu majaribio makubwa ya New Mexico yalifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya miaka thelathini baada ya hataza ile.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili si la Uganda peke yake. Bomba la kilometa 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, Tanga, na faida yake hutegemea mwamba utatoa kiasi gani, kwa miaka mingapi. Hatusemi povu la Texas litafaa Ziwa Albert. Kila mwamba una tabia yake, na mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Tunasema kwamba lazima tuwe na wataalamu wetu wenyewe wa kuupima mwamba, kutunza kumbukumbu zake, na kuzihoji hesabu za mgeni anaposema kisima kimekwisha.

Akiba haiozi. Lakini akiba ambayo mwenyewe hajui kuifungua ni mali ya jina tu.