Uhamaji wa ndani wa Marekani
Uhamaji wa ndani wa Marekani ni mwendo wa wakazi kutoka jimbo moja kwenda jingine. Pamoja na uzazi, vifo na wageni kutoka nje, ndio huamua jimbo lipi liongezeke watu na lipi lipungue. Kati ya sensa za 2010 na 2020, Texas iliongeza karibu watu milioni 4. Ajira, nyumba za bei nafuu na kutokuwepo kwa kodi ya mapato ya jimbo vilichangia. West Virginia, Illinois na Mississippi zilipungua. Pigo zito huonekana katika wilaya ya McDowell, West Virginia: mashine zilipochukua kazi ya wachimba makaa ya mawe, wakazi walishuka kutoka karibu 99,000 mwaka 1950 hadi takriban 19,000 mwaka 2020. Vijana huondoka, wazee hubaki, vifo huzidi uzazi. Sensa hugawa pia viti vya Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2021 California ilipoteza kimoja kwa mara ya kwanza.