Fadhila na Dhamana: Ufadhili na Uongozi katika Mashirika ya Haki za Binadamu, 1961–2010

Neno mfadhili lina nasaba moja na fadhila, yaani wema unaomwachia aliyetendewa deni la shukrani. Mashirika ya kutetea haki za binadamu, kwa upande wake, hudai kwamba hayana deni la namna hiyo kwa yeyote. Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa kulinganisha vipindi viwili vya historia. Hoja yake ni kwamba fedha zilizofichwa ziliyadhuru mashirika hayo kuliko fedha zilizotangazwa, hata pale ambapo kazi iliyofanywa ilikuwa njema.

Amnesty International ilianza London mwaka 1961, kufuatia makala ya wakili Peter Benenson katika gazeti la Observer. Mwaka 1966 ilitoa ripoti kuhusu mateso ya wafungwa huko Aden, iliyokuwa chini ya Uingereza, na Benenson akashuku kwamba majasusi walikuwa wamejipenyeza katika shirika lake. Mapema mwaka 1967 ilifichuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepitisha kwa siri fedha za serikali ya Uingereza, zilizokusudiwa kuwasaidia wafungwa wa kisiasa wa Rhodesia na jamaa zao. Msaada huo ulikuwa wa kibinadamu, lakini wanachama hawakujulishwa chanzo chake. Benenson aliacha uongozi mwaka huohuo.

Wakati huohuo Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, iliyotokana na kongamano la Berlin Magharibi la mwaka 1952, ilikumbwa na kashfa kubwa zaidi. Ilibainika kwamba ilikuwa imepokea fedha za Shirika la Ujasusi la Marekani (CIA) kupitia mfuko wa Marekani uliojitambulisha kuwa wa hisani. Katibu mkuu wa Tume hiyo, Seán MacBride wa Ireland, alikuwa pia kiongozi wa juu wa Amnesty. Kwa sababu mtu mmoja alishika nyadhifa mbili, doa la taasisi moja lilitishia kuiangukia nyingine.

Suala hilo linaigusa Afrika moja kwa moja. Mnamo Januari 1961, Tume hiyo iliandaa mkutano wa Lagos, ambako majaji, mawakili na wahadhiri wa sheria 194 walizihimiza serikali za Kiafrika kufikiria mkataba wa haki za binadamu wa bara lao. Miaka 20 baadaye, mnamo Juni 1981, wakuu wa nchi waliokutana Nairobi waliidhinisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Wazo la Lagos halikubatilishwa na kashfa ya mwaka 1967. Hata hivyo, usiri uliwapa wapinzani wa haki hizo hoja ambayo wasingeipata kama hesabu zingekuwa wazi.

Kipindi cha pili kina sura tofauti. Helsinki Watch, chimbuko la Human Rights Watch, ilianzishwa New York mwaka 1978 kwa ruzuku ya Ford Foundation. Aryeh Neier, mmoja wa waasisi wake, aliliongoza shirika hilo hadi mwaka 1993, kisha akawa rais wa taasisi ya hisani ya George Soros. Mwaka 2010, Neier akiwa bado katika wadhifa huo, Soros alitangaza mchango wa dola milioni 100 kwa Human Rights Watch. Ukaribu huo wa mfadhili na mfadhiliwa ulizua maswali, lakini yaliulizwa hadharani, na shirika likayajibu bila kuvunjika.

Tofauti hiyo ina uzito kwa watunga sera wa Afrika Mashariki. Mwaka 2021 Rais wa Uganda alisimamisha mfuko wa Democratic Governance Facility, uliogharimiwa na nchi za Ulaya, na mashirika mengi yaliyoutegemea yakayumba. Hatua kama hiyo huzima kazi njema pamoja na ile yenye shaka. Njia inayopendekezwa na historia ni nyingine: kila shirika litangaze, kila mwaka, wafadhili wake, kiasi walichotoa, na nyadhifa ambazo viongozi wake wanashika kwingineko. Serikali nazo, zinapotoa fedha, zifungwe na sharti hilohilo. Kwa njia hiyo fadhila hugeuka dhamana, na deni hulipwa kwa umma badala ya kulipwa kwa aliyetoa.