Bourse du Travail ya Katanga

Wamo miongoni mwenu vijana wanaofanya kazi mgodini huku mshahara wakiupokea kwa kompani nyingine, ile iliyowakodisha. Desturi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1910 ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, kuwatafutia Union Minière na waajiri wengine wafanyakazi. Mawakala walipita vijijini. Walilipwa kwa kila mtu waliyemfikisha, na machifu wakapewa zawadi. Hapo ndipo palipo na ubaya wake: mtu akishakabidhiwa, afya yake haikuwa tena hesabu ya wakala. Kuanzia mwaka 1928, Union Minière yenyewe ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikahimiza wake na watoto waishi kambini. Haikuwa huruma tupu. Kutafuta wageni kila mara kuliigharimu mno.