Kupiga Bunduki na Kupiga Picha: Msasi wa Kijerumani Arudipo Kwao

Neno safari limetoka katika Kiswahili likaingia katika lugha nyingi za Ulaya, lakini halikufika huko na maana yake yote. Kwetu safari ni mwendo wa kutoka mahali kwenda mahali, uwe wa biashara, wa hija, au wa kumtazama mgonjwa. Carl Velten alipochapisha masimulizi ya wasafiri wa pwani mwaka 1901 alikiita kitabu Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna habari ya Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Hapana msomaji Mswahili ambaye kwa kuliona jina hilo angedhani ya kuwa kitabu kinahusu usasi. Lakini katika Kijerumani na Kiingereza neno hili lilishikamana kwanza na bunduki, kisha na kamera. Badiliko hilo la maana lina historia nyuma yake, nayo ni historia ya watu waliokuja Afrika kuwinda wakarudi kwao na macho mengine. Katika makala hii nimekusudia kumtazama mmoja wao, Carl Georg Schillings, na kuuliza moyo wake ulibadilikaje, na ni nani aliyelipa gharama ya badiliko hilo.

Schillings alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Düren, upande wa magharibi wa Ujerumani. Alikulia katika nchi ambayo usasi ulikuwa umekwisha kuwa jambo la sheria na mipaka. Zamani haki ya kuwinda ilikuwa ya mabwana wakubwa, hata ndani ya shamba la mkulima; mkulima aliwaona kulungu na nguruwe wakila nafaka yake, wala hakuruhusiwa kuwapiga. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 haki hiyo ilifungamanishwa na umiliki wa ardhi, lakini asiye na ardhi wala kibali, akitega sungura, alibaki kuitwa mwizi. Msasi mwenyewe akawa kama mfugaji: awalisha wanyama wakati wa theluji, amchagua atakayepigwa, tena ampiga katika majira yaliyowekwa. Wanyama wakali walioshindana naye walikuwa wamekwisha kuondolewa. Dubu wa mwisho wa nchi hiyo aliuawa huko Ruhpolding, Bavaria, mwaka 1835, na mbwa mwitu wa nchi hiyo walimalizwa karibu wote katika karne hiyo hiyo. Serikali zilitoa zawadi kwa waliowaua, wala hapakuwa na wengi waliowalilia.

Kutoka nchi hiyo Schillings alikuja Afrika ya Mashariki mara nne, kuanzia mwaka 1896 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Alizunguka katika nyika ya Wamasai, pande za Kilimanjaro na mto Pangani, pamoja na msururu wa wapagazi, na mara nyingi kwa msaada wa Wandorobo, ambao aliustaajabia ujuzi wao wa kufuata nyayo. Aliua wanyama wengi, wakiwamo simba na vifaru, na ngozi na mifupa mingi akaipeleka Berlin kwa ajili ya elimu. Lakini alichukua pia kamera na unga wa magnesiamu, akawapiga picha wanyama usiku walipokuja kunywa maji au kula chambo. Yafaa tuseme wazi ya kuwa chambo hicho mara nyingine kilikuwa ng'ombe au punda aliye hai, aliyefungwa ili simba amrukie mbele ya kamera.

Mwaka 1905 alitoa kitabu chake Mit Blitzlicht und Büchse, maana yake, kwa mwanga wa kumulika na kwa bunduki. Vitu hivi viwili, vilivyo mbali katika lugha yake, vyakaribiana sana katika yetu, kwa kuwa sisi husema kupiga bunduki na kupiga picha kwa kitenzi kimoja. Na kweli katika nyika vilikuwa kazi ya mkono mmoja: leo alipiga picha, kesho alipiga risasi. Hata hivyo sura ya kwanza ya kitabu hicho ni ya huzuni. Huko anaeleza jinsi ustaarabu unavyowamaliza wanyama wakubwa, akikumbusha kwamba Ulaya nayo ilikuwa na wanyama wa namna hiyo, na kwamba walitoweka. Kitabu chake cha pili, cha mwaka 1906, alikipa jina la mti wa leleshwa wa nyikani, kwa kutumia neno la Kimasai, kama mtu atajaye jina la mahali anapopatamani akiwa mbali.

Hapa ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Mtu aliyezaliwa katika msitu uliokwisha kuvuliwa wanyama wake haoni upungufu wowote. Kwake ndivyo msitu ulivyo. Ni nyika ya Wamasai iliyomwonyesha Schillings jinsi kwao palivyokuwa zamani. Hakupata kusema kwamba usasi wote ni haramu. Lakini aliporudi aliunga mkono waliotetea ndege katika nchi yake, akapinga biashara ya manyoya ya yangeyange na ya ndege wa peponi, waliouawa kwa maelfu ili wapambe kofia za wanawake wa mijini. Majuto ni mjukuu, huja kinyume: yalimjia baada ya mizoga mingi, lakini yalimjia.

Wala badiliko hili halikumpata kila mmoja. Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Wadachi katika nchi yetu, alitoa mwaka 1896 amri ya kuhifadhi wanyama na kutenga maeneo ya hifadhi, mojawapo likiwa katika nchi ya Rufiji. Yeye mwenyewe alibaki msasi hadi mwisho. Alikufa mwezi wa Juni 1905 alipokuwa akiwinda karibu na nyumba yake huko Weissenbach, Austria, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Sasa tutazame upande wa pili. Amri ya 1896, na mapatano waliyotia sahihi wakubwa wa Ulaya mjini London mwaka 1900, yalileta huku mawazo ya msitu wa Kijerumani na Kiingereza. Tembo na kifaru wakawa wa mwenye kibali na fedha. Simba, chui na mamba wakaandikwa miongoni mwa wanyama wa kupunguzwa, kama walivyopunguzwa dubu na mbwa mwitu wa Ulaya. Mitego, nyavu na mashimo ya wasasi wa kienyeji vikahesabiwa kuwa ukatili, na babu aliyefundishwa na babu yake kufuata nyayo akawa mhalifu katika pori lake. Baadhi ya wanahistoria wa Vita vya Maji Maji (1905–1907) wameitaja miiko hii ya usasi miongoni mwa machungu ya watu wa kusini, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu. Yule mkulima wa Ujerumani wa kabla ya 1848, aliyetazama nafaka yake ikiliwa na mnyama wa bwana, angemwelewa mara moja mkulima wa Rufiji. Lakini msasi aliyerudi na huzuni ya wanyama hakuwaleta wakulima hao wawili pamoja katika mawazo yake.

Ulaya yenyewe ilikuja kujaribiwa baadaye. Mwaka 2006 dubu mmoja, aliyepewa jina la Bruno, alivuka milima kutoka upande wa Italia akaingia Bavaria. Alikuwa dubu wa kwanza kuonekana mwituni Ujerumani tangu yule wa 1835. Aliua kondoo, akavunja mizinga ya nyuki, na baada ya majuma machache wasasi walimpiga kwa idhini ya serikali. Safari hii watu wengi walimlilia na kuilaumu serikali. Kwa muda wa miaka 171 moyo wa nchi nzima ulikuwa umegeuka. Lakini wenye kondoo waliuliza swali ambalo lilikuwa limekwisha kuulizwa huku kwetu, katika Kiswahili na katika lugha za bara, zaidi ya karne moja kabla yake: mnyama huyu mnayempenda ninyi, hasara yake ni ya nani?